Mgomba Wala Nini?



Kijana mmoja wa chuoni alinijia baada ya alasiri, nami nikamwona ana neno moyoni. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba pumzi tuitoayo ina hewa ukaa nyingi kuliko ile tuivutayo, na kwamba mimea haiwezi kuishi bila ya hewa hiyo. Akauliza: "Maalim, kitu tukitupacho sisi kama taka, mgomba wawezaje kukila?"

Swali hilo halikuwa la mchezo. Kwao ni mteremkoni mwa Mlima Meru, na nyumbani pamezuka mashindano. Baba hukata majani mabichi ya migomba kila siku kumlisha ng'ombe wa zizini. Mama alalamika kwamba mikungu yazidi kuwa midogo. Baba humjibu: "Chakula cha mgomba ki ardhini, na samadi naitia. Majani ni pambo tu." Basi natutazame haki iko kwa nani.

Dhana ya mzee huyu ni ya watu wengi tangu zamani. Katika karne ya 17, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, bwana mmoja aitwaye Jan Baptist van Helmont aliijaribu. Alipanda mche wa ratili 5 katika chombo chenye udongo mkavu wa ratili 200, akawa aumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi kidogo. Na udongo, alipoukausha na kuupima, ulikuwa umepungua wakia 2 tu! Yeye akakata shauri kwamba mti mzima umetokana na maji. Hapo alikosea, lakini alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mwili wa mti haukutoka udongoni. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba majani mabichi hufanya kazi yao penye mwanga. Na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva akapima, akaona kwamba mmea hujiongezea uzito kwa hewa ukaa pamoja na maji.

Kazi yenyewe ni hivi. Jani lina vitundu vidogo mno, hasa upande wake wa chini, na hewa huingia humo. Kwa nguvu za mwanga wa jua, jani hutwaa ukaa ulio katika hewa ile, likauunga na maji yaliyopanda kutoka mizizini, ikawa sukari. Nayo oksijeni hutolewa nje, tukaivuta sisi. Sukari hiyo ndiyo igeukayo kuwa unga wa ndizi, nyuzi za shina na mbao za mti.

Ushahidi u jikoni mwako. Neno ukaa ni ndugu wa makaa. Kipande cha mkaa ukishikacho mkononi kilikuwa hewa kabla ya kuwa mti. Kikiungua, ukaa hurudi hewani ulikotoka, na lile jivu dogo libakialo ndilo fungu la ardhi. Fungu hilo ni dogo, ila halina badala, kwani pasipo madini yake jani haliwezi kufanya kazi. Kwa hiyo samadi ya mzee si bure. Lakini samadi ni vyombo vya mpishi, wala siyo unga wenyewe.

Na unga huo ni haba. Hewa ukaa hutoka katika pumzi zetu, katika majani yaozayo, katika moto, hata katika mlima wa Oldonyo Lengai ulio kaskazini-magharibi yetu. Lakini katika mafungu 10,000 ya hewa, yenyewe ni mafungu 4 na kidogo tu. Ndiyo sababu mgomba wahitaji majani mapana. Kila jani bichi likatwalo ni kinywa kilichozibwa.

Tena vitundu viingizavyo hewa ndivyo vitoavyo maji. Huku Tengeru na Nkoaranga mvua si haba. Ama upande wa magharibi, Kisongo mpaka Oldonyo Sambu, nchi ni kavu. Mhindi ukishikwa na kiu hufunga vitundu vyake usinyauke, ukakaa na njaa hali chakula kimeuzunguka. Basi mwenye kutandaza majani makavu shinani na kuutunza mfereji, huulisha mmea wake pia.

Huenda mtu akasema: kama ni chakula, na tuzidishe moshi! La. Mwaka 1958, ilipoanza kupimwa katika mlima wa Mauna Loa huko Hawaii, hewa hiyo ilikuwa mafungu kama 315 katika milioni. Leo yamepita 420. Ni kweli mimea mingine hunenepa, lakini hewa hiyo hiyo huizidishia dunia joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya kahawa ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku likizidi, mavuno hupungua. Mgeni akishiba hahitaji kuchomewa nyumba.

Nilimwambia kijana: kilicho taka kwetu ni posho kwa mgomba. Kisha nikamtuma kwa baba yake, aende kwa adabu, si kwa ushindi. Ng'ombe naye ana haki yake. Apewe matete, mashina ya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, na majani makongwe. Ama mgomba utoao mkungu, wataalamu husema usipungukiwe na majani 8 yaliyo hai.

Mzee hakukubali yote. Amekubali mstari mmoja wa migomba usiguswe mpaka uvunwe, na mstari wa pili akate kama desturi yake. Mizani ya kupimia mikungu itashikwa na mama.