Makampuni Yaliungana, Marubani Wakatengwa

Mabepari wana neno zuri kwa kila tendo lao. Kampuni moja inapoimeza nyingine, umma huambiwa kuwa makampuni hayo "yameungana". Neno hilo ni tamu masikioni, hasa masikioni mwa Mwafrika, ambaye historia yake imemfundisha kwamba umoja ni nguvu. Lakini uko umoja wa watu na uko umoja wa mali, na katika umoja wa mali mtu ndiye wa kwanza kusahauliwa. Anayetaka ushahidi na atazame yaliyowapata marubani wa TWA, kampuni mashuhuri ya ndege ya Marekani, ambayo mwaka 1945 iliisaidia Ethiopia kuanzisha shirika lake la ndege, na ambayo mwaka 2001 ilinunuliwa na American Airlines.

Kwanza ni lazima ieleweke jinsi kazi ya urubani inavyoendeshwa katika makampuni makubwa ya Marekani. Huko rubani hapandi kwa kupendwa na mkubwa wake. Ipo orodha moja, iliyopangwa kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa. Nafasi yake katika orodha hiyo ndiyo inayoamua atarusha ndege ya aina gani, atakalia kiti cha rubani mkuu au cha msaidizi, kituo chake cha kazi kitakuwa mji upi, sikukuu ataila nyumbani au angani, na kazi ikipungua ni nani atangulie kuondoka. Akihamia kampuni nyingine kwa hiari yake huanza chini kabisa, hata kama ameruka miaka 20. Miaka yake ndiyo akiba yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakibebeki kwenda kwingine.

Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kupanda ndege ili alielewe jambo hili. Na afikirie amefundisha miaka 15 na kufikia ualimu mkuu, kisha anaambiwa kuwa shule yake imeunganishwa na ya jirani, na kwamba tangu kesho jina lake litaandikwa chini ya jina la kijana aliyetoka chuoni juzi. Mshahara wake, nyumba yake na hata haki yake ya kubaki kazini vitategemea nafasi hiyo mpya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. TWA ilikuwa na marubani wapatao 2,300. Orodha mpya ilipangwa na chama cha marubani wa American, na zaidi ya nusu ya marubani wa TWA waliwekwa chini ya rubani mdogo kabisa wa American aliyekuwapo siku ya kununuliwa. Wahudumu wa ndege wa TWA waliwekwa wote chini, bila kubakiza hata mmoja. Yalipotokea mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, American ilitangaza kwamba itapunguza ajira zisizopungua 20,000. Waliokuwa mkiani mwa orodha ndio waliotangulia kutolewa. Watu waliokwisha kuwa marubani wakuu walijikuta mitaani, ilhali walioajiriwa miaka mingi baada yao wamebaki kazini.

Ilikuwapo kinga moja. Katika kituo cha St. Louis, mji uliokuwa makao ya safari za TWA, marubani wake wa zamani walitengewa sehemu ya viti vya urubani mkuu. Lakini kinga iliyofungwa kwenye mji mmoja huishi kadiri mji huo unavyohitajiwa na tajiri. Novemba 2003 American ilipunguza safari za St. Louis kutoka zaidi ya 400 kwa siku hadi karibu 200. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimebaki 36 hivi. Ahadi haikuvunjwa kwenye karatasi, iliachwa ikauke. Nje ya St. Louis rubani yule alikuwa mtu wa chini, na ndani ya St. Louis kazi ilikuwa imekwisha. Sheria ya wakati ule ilimtaka astaafu akitimiza miaka 60. Umri huo uliongezwa hadi 65 mwishoni mwa mwaka 2007. Rubani wa miaka 50 aliyerudishwa nyuma mwaka 2001 hakuwa na muda wa kupanda ngazi hiyo mara ya pili.

Wako wasemao kwamba TWA ilikuwa imefilisika, na kwamba afadhali mkia wa orodha kuliko kukosa kazi. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kampuni hiyo iliingia mahakama ya ufilisi mara tatu, mwaka 1992, 1995 na 2001. Lakini ni nani aliyeifilisi? Carl Icahn aliifanya kuwa mali yake binafsi mwaka 1988, akaiacha na mzigo mkubwa wa madeni. Mwaka 1991 njia zake za thamani za kwenda London ziliuzwa kwa American hiyo hiyo kwa dola milioni 445. Je, rubani ndiye aliyeuza? Yeye na wenzake walikubali kukatwa mishahara ili kampuni isife, na mwaka 1993 wafanyakazi wakapewa asilimia 45 ya hisa. Walijinyima, wakaja kuadhibiwa kwa kosa wasilolitenda. Tena mnunuzi alizitaka ndege, viwanja na abiria. Kama vitu hivyo vilikuwa na thamani, vipi waliovirusha na kuvihudumia wawe hawana thamani?

Wala si haki kuwabebesha marubani wa American lawama yote. Nao walikuwa wafanyakazi, nao waliogopa kupitwa na wageni katika orodha waliyoingojea kwa miaka. Hapo ndipo lilipo shina la uovu huu. Matajiri hukubaliana bei katika chumba kimoja, kisha hutoka na kuwaachia wafanyakazi wagombanie makombo. US Airways na America West zilipoungana mwaka 2005, kazi ya kupanga orodha alipewa mwamuzi, George Nicolau. Alitoa uamuzi wake mwaka 2007. Marubani wa US Airways waliokuwa na miaka mingi zaidi ya kazi waliukataa, na mwaka 2008 wakakitupa chama chao na kuunda kingine. Kwa miaka mingi marubani wa kampuni moja yenye jina moja waliendelea kuruka kama makundi mawili yasiyopikika chungu kimoja. Aliyefaidika na ugomvi huo hakuwa rubani.

Dawa haikuwa siri. Kampuni ya Mohawk ilipounganishwa na Allegheny mwaka 1972, serikali ya Marekani iliweka sharti kwamba orodha za wafanyakazi ziunganishwe kwa haki na usawa, na pasipo mapatano mwamuzi aitwe. Udhibiti wa serikali ulipolegezwa tangu mwaka 1978, sharti hilo likaachwa. Marubani wa TWA walikuwa nalo katika mkataba wao, lakini wakalazimika kuliachilia mwaka 2001 ili ununuzi usikwame. Bunge la Marekani lililirudisha Desemba 2007, kwa juhudi za maseneta McCaskill na Bond wa Missouri, jimbo la St. Louis. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama liliamua kuwa chama cha ALPA hakikuwatetea ipasavyo marubani wa TWA, na mwaka 2014 kesi ilimalizwa kwa dola milioni 53. Fedha zilipatikana, lakini miaka haikurudi.

Watumishi wa Afrika ya Mashariki wanaujua uchungu huu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, pamoja na shirika lake la ndege lililokuwa na makao Nairobi, mali iligombaniwa na serikali tatu, na miaka ya watumishi ikabaki bila mwenyewe. Nchini Tanzania makubaliano ya mahakamani kuhusu malipo yao yalifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baadaye. Wengine walikwisha kufa. Kuungana na kuvunjika ni milango miwili ya nyumba moja: katika yote miwili, mtumishi asiyetajwa katika hati huachwa nje.

Kwa hiyo neno liwe moja. Miaka ya mfanyakazi ni mali, na haina budi kuandikwa katika hati kabla ya sahihi ya kwanza, pamoja na madeni, majengo na mitambo. Kituo chake cha kazi kisiwe ahadi ya mdomo, wala kinga yake isifungwe kwenye mji ambao tajiri anaweza kuufunga kesho. Muungano usioweza kutimiza hayo haustahili jina hilo. Huo ni ununuzi wa vyombo, na waliovijenga wametupwa jalalani.