Usituharibie Matembezi

Maneno hayo niliambiwa na mwanafunzi mwenzangu Jumamosi moja ya mwezi wa tano, tukiwa tumesimama kwenye baraza la mawe nyuma ya Harewood House, nje kidogo ya mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Tulikuwa wanafunzi saba wa Afrika Mashariki tuliopelekwa huko kwa muhula mmoja. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu: fedha za kujenga haya yote zilitoka wapi? Mwenzangu akacheka, akanishika bega, akasema, "Ndugu yangu, leo tumekuja kuona maua. Usituharibie matembezi."

Tuliporudi Kampala, alisoma insha yake mbele ya darasa. Ilikuwa insha nzuri, sikatai. Alisifu majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia, akasifu ziwa, akasifu usafi. Darasa likampigia makofi, na mwalimu wetu mmoja akasema tujifunze kwake namna ya kusifu bila uchungu. Kwa heshima zote kwa mwalimu, na kwa mwenzangu ambaye bado tunakula naye meza moja, mimi nakataa.

Nianze kwa kukiri kwamba bustani ile ni nzuri kuliko bustani yoyote niliyowahi kuiona. Ukisimama pale barazani, chini yako kuna vitalu vya maua vilivyochorwa kama nakshi, na katikati yake sanamu ya shaba ya mtu aliyembeba chui. Mbele yake mteremko, kisha ziwa, kisha msitu. Juu wanazunguka mwewe wekundu, ndege waliokuwa wametoweka sehemu ile ya nchi hadi walipoanza kurudishwa mwaka 1999. Kuna hata pengwini (tuliwatazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotazama picha za mababu wenye nyumba, na sioni haya kusema hivyo). Ukiniuliza kama nilifurahi, nilifurahi sana.

Lakini mwenzangu aliandika kwamba mandhari ile ni "ya asili". Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanza, maana si ya asili hata kidogo. Iliyachukua miaka mikono ya watu chini ya Lancelot Brown, yule msanifu bustani wa karne ya 18 aliyepewa jina la utani la Capability. Ziwa lile lilipatikana kwa kuziba kijito. Miteremko ilichongwa. Jumba la zamani, Gawthorpe Hall, lililokuwa kule chini karibu na maji, lilibomolewa ili lisiharibu sura. Ufundi wa Brown ulikuwa kufanya kazi kubwa kisha kuificha, ili mwenye nyumba akiamka na kufungua dirisha aone kama kwamba Mungu mwenyewe alimpangia vile.

Ndani ya nyumba mchezo ni uleule. Katika ukumbi mrefu wa picha, juu ya madirisha, kuna mapazia mazito yenye mikunjo na vishada. Ukisogea unagundua kwamba si kitambaa, ni mbao. Yalichongwa katika karakana ya Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa Otley, mwendo mfupi kutoka pale. Nilisimama chini yake mpaka shingo ikauma. Ni mbao inayojifanya pazia, na nje kuna bwawa linalojifanya ziwa. Katika nyumba ya namna hiyo, kuuliza nyuma ya kitu kuna nini si utovu wa adabu. Nyumba yenyewe inakuchokoza uulize.

Basi, nyuma yake kuna miwa. Henry Lascelles alikuwa mtoza ushuru wa forodha huko Bridgetown, kisiwani Barbados, na mfanyabiashara wa sukari, na mkopeshaji wa wenye mashamba. Utajiri huo ndio uliomnunulia ardhi ya Yorkshire katika miaka ya 1730. Mwanawe Edwin, aliyezaliwa Barbados, aliweka msingi wa jumba mwaka 1759, na likaanza kukaliwa mwaka 1771. Wakopaji walioshindwa kulipa waliacha mashamba yao mikononi mwa familia, pamoja na watu waliokuwamo, kama vile mtu anavyoacha ng'ombe na banda.

Mimi nimekulia Busoga, kwenye miwa. Najua majani ya muwa yanavyochana mikono. Najua harufu ya sukari inayochemka, tamu kwa mpita njia, inayotapisha kwa anayeshinda ndani yake. Na hao wakataji wetu hupokea ujira, hata kama ni mdogo wa kusikitisha. Kwa hiyo nilipotazama ziwa lile sikuweza kuliona ziwa peke yake. Mwenzangu amekulia mjini. Labda kwake sukari ni kitu kinachotoka kwenye pakiti.

Atasema, na alisema, kwamba hayo ni ya kale. Kale ipi? Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa hawakupata hata senti. Wengi wao waliambiwa sasa ni "wanagenzi", wakaendelea kumtumikia bwana yuleyule mpaka mwaka 1838. Mwenye Harewood wa wakati huo alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200 wa Barbados na Jamaika. Na deni ambalo serikali ilikopa kulipia fidia hizo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Mwaka 2015 mimi na mwenzangu tulikuwa tayari shule ya msingi. Mfanyakazi wa Leeds mwenye asili ya Barbados, ambaye wazee wake waliuzwa, alikatwa kodi iliyosaidia kulipa deni la kuwafidia waliowauza. Kama hiyo ni kale, basi na sisi ni watu wa kale.

Hoja yake ya pili ilikuwa ya adabu: mgeni hamsuti mwenyeji nyumbani kwake. Mimi naijua adabu hiyo, nimelelewa nayo. Ila hapa mwenyeji ameshasema mwenyewe! David Lascelles, Earl wa nane wa Harewood, amelizungumza jambo hili hadharani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa watu wa Uingereza ambao mababu zao walitajirika kwa utumwa. Mwaka huohuo ilizinduliwa katika nyumba ile picha ya mwigizaji David Harewood. Tazama jina lake. Mababu zake walikuwa watumwa kwenye mashamba ya familia hiyo huko Barbados. Jina la jumba likabaki kwao, jumba likabaki kwa wengine. Sasa niambieni, mwenyeji ametundika picha hiyo ukutani, halafu mgeni aliyetoka Afrika ndiye anayenong'ona, "Nyamaza, usiwaudhi." Tunamstahi nani hapo?

Wapo Waingereza wasiotaka kusikia, hilo ni kweli. Taasisi yao ya kuhifadhi majumba, National Trust, ilipotoa ripoti mwaka 2020 ikionyesha majumba na maeneo yake 93 yaliyofungamana na utumwa au ukoloni, baadhi ya wanachama na wabunge walikasirika. Walitaka chai na keki bila mazungumzo hayo. Nawaelewa, ni nyumba zao, ni haya zao. Ninayeshindwa kumwelewa ni mwenzangu.

Hoja pekee iliyonitikisa ilitoka kwa dada mmoja wa nyuma ya darasa: "Na Waswahili je? Na sultani je?" Walicheka wakidhani nimenaswa. Dada yule alisema kweli. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na majumba ya mawe ya Mji Mkongwe yalijengwa kwa faida hiyo. Zaidi ya hapo, utumwa ulipofutwa Zanzibar kwa amri ya mwaka 1897, chini ya ulinzi wa Mwingereza, waliofidiwa walikuwa tena wenye watumwa. Lakini angalieni tunavyofanya sisi. Mgeni akifika Unguja anapelekwa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, anaonyeshwa sanamu za watu wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Mtalii wa Yorkshire hulia pale. Hajatokea Mzanzibari wa kumwambia kwamba tumekuja kuona bahari, usituharibie matembezi. Kwa nini basi huzuni iwe ya kutembelewa kwetu tu, na maua yawe kwao?

Sitaki jumba lile libomolewe, wala sitaki mtu aende kule akiwa amekunja uso kutwa. Nataka mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika kurasa nne juu ya ziwa aandike na kijito kilichozibwa, na anayesifu meza za mahogani aseme mti ule ulikatwa wapi na nani. Mwalimu aliita huo uchungu. Mimi nauona ni kuandika insha ikakamilika.

Mwezi wa nane darasa letu linakwenda Unguja. Ratiba imekwisha kubandikwa: Mji Mkongwe, Mkunazini, shamba la viungo, pwani. Nimemwomba mwalimu kwamba tukifika kwenye viungo, kabla ya kuonjeshwa mdalasini, mtu asimame chini ya mikarafuu atueleze ni nani waliokuwa wakiichuma. Amesema ataona. Mwenzangu naye ameandika jina lake kwenye orodha ya safari. Nimemwekea kiti cha dirishani.