Gunia la Makaa Linahesabiwa na Nani?

Wasee, niambieni ukweli. Ukisikia "misitu ya Kenya imeongezeka" huwa unawaza nini? Mimi huwaza lori. Lori limetoka ng'ambo, limefunikwa turubai, unga mweusi unavuja pembeni, na dereva amelala kwenye foleni ya Malaba akingoja zamu yake.

Mimi ni wa hapa Alupe, kati ya Busia na Malaba. Mama anauza makaa. Makaa yalinilipia karo ya sekondari, na makaa hayohayo yakashindwa na ya chuo, ndiyo nikarudi nyumbani na simu yangu. Kwa hivyo sijaja kuwahubiria. Mikono yangu pia ina masizi.

Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwezi huohuo Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia. Tuliona mambo mawili nyumbani: bei ya gunia ilipanda, na mama akabadilisha watu wa kumletea mzigo. Zamani alinunua kwa wachomaji wa huku. Sasa akawa anangoja simu kutoka Uganda. Nairobi hakuna jiko lililozimika, manze. Mti ulibadilisha uraia tu.

Halafu ikaja ripoti ya rasilimali za misitu ya 2021: misitu asilimia 8.83 ya nchi, na miti yote kwa jumla asilimia 12.13. Katiba, Kifungu cha 69, inataka miti ifike angalau asilimia 10. Tumepita! Makofi. Lakini jirani yetu Uganda alikuwa na misitu asilimia 24 mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki kama 9. Sisemi jiko la Mkenya ndilo lililomaliza yote hiyo. Kuna mashamba, kuna kuni zao wenyewe, watu wameongezeka. Ila usiniambie halikuchangia, maana nimebeba hayo magunia mgongoni.

Mei 2023 Museveni akapiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda. Julai, Ruto akaondoa katazo letu. Huyu anafunga mlango, yule anafungua wake. Sisi wa mpakani tunabadilisha tu upande wa kupiga simu.

Sasa, dunia hupimaje? FAO hukusanya hesabu za misitu kila miaka mitano, na kwa sehemu kubwa ni kila nchi inajaza fomu yake. Kwenye malengo ya maendeleo endelevu kuna kiashiria 15.2.1, ambacho kinauliza mambo matano: eneo la msitu linapungua au linaongezeka, uzito wa miti iliyosimama, sehemu iliyolindwa kisheria, sehemu yenye mpango wa usimamizi wa muda mrefu, na sehemu iliyopewa cheti. Maswali mazuri. Lakini hakuna hata moja linalouliza: je, unapikia msitu wa nani? Na gunia linalovuka njia ya panya juu ya boda boda haliandikwi na yeyote.

Hata neno "msitu" lenyewe ni shida. Kwa FAO, miti iwe inaweza kufika mita 5. Kwa Kenya, mita 2 zatosha. Kichaka kilichokomaa kikiwa na mita 3 ni msitu Nairobi, na kikifika Roma kinakuwa kichaka tena.

Na sisi wa kupiga video tusijifanye watakatifu. Tarehe 13 Novemba 2023, ile sikukuu ya kupanda miti, mimi na wenzangu tulipanda miche 40. Video ikatembea vizuri sana. Februari nikarudi kuangalia: sita. Mbuzi na jua walikuwa wameshughulikia wengine. Video yangu bado inasema 40. Sasa tunataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Nani atarudi Februari kuhesabu?

Maoni yangu ni haya: Kenya na Uganda ziandike hesabu moja ya makaa yanayovuka, na kila nchi iseme kwenye ripoti yake imechoma miti kiasi gani ya jirani. Si jambo la ajabu. Maofisa wa nchi zote mbili tayari wanaketi jengo moja hapa Busia. Mlima Elgon ni mmoja, na Mto Malaba unaotoka huko hauulizi pasipoti.

Nilimwambia mama. Akaniangalia kama mtoza ushuru.

"Wakihesabu, watanitoza mimi. Mwenye lori atapita."

Hapo sikuwa na jibu, na sitawadanganya kwamba nimelipata. Hesabu ianze na malori, hilo najua. Mwenye magunia mawili aachwe apumue.

Jioni akanitupia daftari lake la madeni. Kumbe tangu 2018 ameandika kila mzigo: tarehe, bei, na herufi moja pembeni. K au U. Nimefika ukurasa wa kumi na nne na U zimejaa. Nikimaliza kujumlisha nitaweka hapa.