Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sioni methali inayotufaa zaidi sisi tunaosikia, ambao siku hizi tukiulizwa viziwi watahudumiwaje hospitalini, mahakamani na maofisini, hujibu kwa wepesi: "Si wana simu?" Jibu hilo limeanza kuzoeleka, nami nalipinga.

Simu yenyewe sina ugomvi nayo. Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza ya simu huko Marekani mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi, na mama yake na mkewe walikuwa viziwi. Hata hivyo, chombo chake kiliwaacha viziwi nje kwa karibu miaka 90, maana shughuli za watu zilihamia kwenye waya ambao wao hawakuweza kuusikiliza. Aliyewafungulia mlango alikuwa kiziwi mwenzao, mwanafizikia Robert Weitbrecht, ambaye mwaka 1964 alifanikiwa kupitisha maandishi ya mashine ya taipu katika waya wa simu. Baadaye ukaja ujumbe mfupi, kisha simu za kuonana, ambazo zimewawezesha viziwi wawili, mmoja Mwanza na mwingine Tanga, kuzungumza kwa mikono yao. Na mwezi Februari 2019 kampuni ya Google, ikisaidiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet, ilitoa programu ya Live Transcribe, ambayo huyageuza maneno ya msemaji kuwa maandishi papo hapo kwenye kioo cha simu. Kiswahili nacho ni miongoni mwa lugha zake.

Kwa mtu aliyepoteza usikivu ukubwani, kwa maradhi, kwa dawa kali au kwa uzee tu, naye anajua kusoma, hiyo ni neema kubwa. Asiitumie kwa nini?

Lakini huyo si viziwi wote. Yupo aliyezaliwa haisikii sauti ya mama yake. Watoto wa namna hiyo wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua hata ishara moja ya lugha ya alama, na wengine hufika umri wa kwenda shule hawajapewa lugha yoyote. Lugha ya alama ina sarufi yake. Si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Kwa hiyo kumwekea mtu huyo maandishi ya Kiswahili mbele ya macho ni kumpa lugha ya pili, na pengine hakuna aliyejali kumfundisha hata hiyo. Maandishi humfaa aliyefundishwa kusoma. Simu haiwezi kufanya kazi ya shule.

Tazama pia lugha yetu ilivyo. "Umeze" na "usimeze" vimetenganishwa na silabi moja tu. Chumba cha daktari kina feni, kuna mtoto anayelia, na nje kuna foleni ya watu wanaozungumza. Silabi hiyo ikipotea katika makelele, dawa iliyokatazwa imeshaamriwa. Anayesikia husema, "Samahani daktari, rudia." Kiziwi anayetazama kioo hana njia ya kujua kwamba kuna neno limepotea. Mkalimani aliyefunzwa angesita, angeuliza, angehakikisha.

Tena simu hiyo ni ya nani? Aliyeinunua ni kiziwi, anayeweka bando ni kiziwi, na chaji ikiisha anayekosa huduma ni kiziwi. Ofisi haikutoa hata senti. Wajibu uliokuwa wa serikali umehamishwa kimyakimya ukatiwa katika mfuko wa shati la raia, kisha tunauita maendeleo!

Na wajibu huo si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazitaka nchi zikubali na kurahisisha matumizi ya lugha ya alama katika shughuli za umma. Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Vema sana. Basi kama mjadala wa wabunge unastahili mkalimani, je, mama kiziwi aliyelala kwenye kitanda cha kujifungulia hastahili?

Nitaambiwa kwamba wakalimani ni wachache. Ni kweli, na wataendelea kuwa wachache maadamu hatuwaajiri. Nani atasomea kazi isiyo na mshahara?

Yapo mambo yanayowezekana hata kabla ya wakalimani kutosha. Ofisi inunue simu yake, iiweke mezani, kwa bando lake. Wagonjwa wapewe namba, na namba iandikwe ubaoni badala ya jina kupigiwa kelele mlangoni. Maagizo ya dawa yaandikwe, na mhudumu ahakikishe yameeleweka. Wauguzi na makarani wafundishwe ishara za msingi za kazi yao. Na kila hospitali ya mkoa iajiri angalau mkalimani mmoja, kwa cheo na mshahara unaojulikana.

Yakifanyika hayo, simu itakuwa msaada. Yasipofanyika, itabaki kisingizio, na usufi tunaouona mwepesi utaendelea kuwavunja wenzetu migongo.