NGOMA YA IGUNGA NA DENI LA VYAMA

Wazee walinena kwamba zumari likilia Unguja hucheza walio Maziwa Makuu. Methali hiyo sisi watu wa visiwani tumeipenda sana, kwani yatusifu. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza kama hao walio huko hawana zumari lao wenyewe, na kama sisi tumepata kulisikiliza hata siku moja. Leo tunawaomba Ndugu wasomaji wageuze masikio yao upande wa bara, wapite Ugogo na mbuga ya Wembere, wafike Igunga katika Mkoa wa Tabora, wakasikilize ngoma ya huko. Hatuwaiti kwa anasa. Tunawaita kwa sababu mna somo ndani yake ambalo chama chetu kinalihitaji sasa hivi.

Katika baraza za matawi yetu yako maneno yanayosemwa. Husemwa kwamba wenzetu wenye dola wana vikundi vyao vya taarab na vya muziki, huvivisha sare na kuvilipa, na kwa hivyo mikutano yao hujaa. Basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Kila tawi liwe na kikundi chake, kikundi kiimbe sifa za chama, na asiyekuwa wa chama asiingie katika ngoma yetu wala sisi tusiende kwenye yake. Wanaosema hivyo ni watu wenye nia njema, na wengine ni wazee wetu tunaowaheshimu. Lakini gazeti hili halikubaliani nao, na ni haki yao tuwaeleze kwa nini.

Igunga ni makao makuu ya wilaya, juu ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza. Si mji mkubwa. Watu wake wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Wanyamwezi hao si wageni kwetu. Ndio waliobeba mizigo ya misafara kutoka Ujiji na Unyanyembe hata Bagamoyo, na wengi wao walivuka bahari wakafanya makao Unguja. Mwenye kudhani kwamba utamaduni ulisafiri kwa njia moja tu, kutoka pwani kwenda bara, na akumbuke kwamba mpagazi hakwenda njia ile yote akiwa bubu. Aliimba akienda na aliimba akirudi.

Sasa tazameni jinsi ngoma inavyoendeshwa huko. Unyamwezini iko ngoma iitwayo Hiari ya Moyo, na jina lake peke yake ni hotuba. Viko vikundi vya wakulima ambavyo hutoka shamba hadi shamba, jembe mkononi, manju wao akiimba mbele na mdundo ukiwapa mwendo, na ujira wanaopata hugawana. Na Usukumani, nchi iliyo jirani na Igunga na ambayo watu wake wengi wamehamia huko, yako mashindano ya baada ya mavuno kati ya pande mbili, Bagika na Bagalu. Manju wawili husimama katika uwanja, kila mmoja na watu wake, nao huimba na kucheza kwa wakati mmoja. Hapana msimamizi wa kuhesabu kwa siri. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: anayependezwa na huyu husogea kwa huyu, anayechoshwa na yule humwacha yule, na mwisho wa siku kila mtu huona kwa macho yake ni upande gani uliojaa. Husemwa kwamba manju hutumia dawa za kuvuta watu. Hayo tunamwachia Mwenyezi Mungu. Sisi tunachokiona ni kwamba aliyeshindwa hujua ameshindwa, naye hurudi nyumbani kutunga nyimbo bora zaidi kwa ajili ya mwaka ujao.

Ndugu wasomaji, je, huo si uchaguzi? Tena ni uchaguzi ambao wengi wetu tungeutamani. Masanduku hayapotei, na matokeo hayacheleweshwi. Haja yake ni moja tu: mtazamaji awe huru kutembea kutoka upande mmoja hata mwingine, wala asiulizwe kadi yake.

Uhuru huo wa mtazamaji na wa mwimbaji ndio ambao wenye madaraka, mmoja baada ya mwingine, wameutia mkononi. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ngoma ya beni iliyozaliwa pwani ya Kenya ilikuwa imeenea Tanganyika nzima, na pande zake mbili za Marini na Arinoti zilifika hata Tabora. Vijana walikuwa na vyeo vyao, sare zao na mfuko wao wa kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Serikali ya kikoloni ilizitazama kwa jicho la shaka, kwani iliogopa watu wanaojua kujipanga wenyewe bila kuamrishwa.

Kikaja chama cha TANU katika 1954. Kila mtu anajua kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba huko Dar es Salaam, na kwamba wanawake wa vikundi vya ngoma ndio waliokipeleka chama majumbani, ambako hotuba za Kiingereza zisingefika kamwe. Hilo lilikuwa deni kubwa. Lililipwaje? Uhuru ulipopatikana katika 1961, wanawake waliambiwa wajipange chini ya jumuiya moja ya chama, na yule aliyekopesha sauti yake akajikuta anapewa wimbo wa kuimba. Katika 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasema maneno mazuri sana juu ya kurudisha heshima ya ngoma zetu. Maneno hatuyapingi. Tunauliza tu ni nani aliyepewa ufunguo wa uwanja.

Na mjini Tabora palikuwa na muziki wa dansi ambao nchi nzima iliucheza. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilitoka katika mji huo wa reli na maembe, na Shem Karenga wa Tabora Jazz alijulikana hata visiwani. Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa sahani za santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi, na mwanamuziki wa Tabora alikuwa mbali sana na mahali palipohesabiwa fedha zake. Bendi nyingine zikawa mali ya vyombo: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi katika 1964, na baadaye bendi za Jeshi, za Polisi, na za Umoja wa Vijana. Mwanamuziki alipata mshahara, na hiyo ni neema ambayo hatuikatai, kwani hapo kabla wengi walikufa maskini. Lakini gitaa lilikuwa la bwana mkubwa, na mwenye duka anajua kwamba mwenye mizani ndiye anayetia bei.

Vyama vingi viliporuhusiwa katika 1992, tulitumaini kwamba uwanja utafunguliwa. Mwaka ule ule chama tawala kilikuwa na kikundi chake, Tanzania One Theatre, chini ya marehemu Kapteni John Komba. Kapteni alikuwa fundi wa kazi yake, na hatumvunjii heshima. Tunasema tu kwamba tangu hapo kila chama kimeona kwamba mkutano bila muziki ni duka bila bidhaa, na mwanamuziki naye amefundishwa kungojea msimu wa uchaguzi kama mkulima anavyongojea masika.

Matunda yake yalionekana Igunga. Katika Oktoba 1, siku moja kabla ya kura za uchaguzi mdogo wa 2011, Igunga ilikuwa ndiyo mji uliozungumzwa zaidi katika Tanzania. Kiti kilikuwa wazi kwa kujiuzulu kwa Bwana Rostam Aziz. Vyama vilishuka kwa helikopta. Vipaza sauti havikunyamaza kwa majuma. Na katika kampeni hizo kijana mmoja alimwagiwa tindikali. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 171,000. Siku ya pili yake waliopiga kura hawakutimia 54,000. Dakta Dalaly Kafumu wa CCM alipata 26,484, Bwana Joseph Kashindye wa CHADEMA 23,260, na mgombea wa CUF, chama ambacho wakati ule ndicho kilichokusanya wapinzani wengi wa visiwani, Bwana Leopold Mahona, 2,104.

Na tuzisome hesabu hizo bila ya kujidanganya. Zile kelele zote zilizopigwa hazikuwatoa nyumbani hata theluthi moja ya walioandikishwa. Sababu ziko nyingi, nasi hatusemi kwamba iko moja. Lakini watu wa Igunga wamezoea uwanja ambao huamua kwa miguu yao. Wakiona kwamba mkutano umejazwa kwa burudani na uamuzi umekwisha fanywa mahali pengine, hutazama, hucheka, hurudi kwao. Helikopta huvuta macho. Hapana ajuaye kama imevuta moyo.

Tena mwimbaji aliyezoeshwa kulipwa kwa sifa hana kinga siku anapotaka kusema kweli. Katika Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Sisi twauliza: kilichofungwa kwa amri kikafunguliwa kwa amri, sheria ilikuwa wapi? Siku chache baadaye, katika Aprili, mwenzake Roma Mkatoliki alitekwa na watu wasiojulikana katika studio Dar es Salaam, akaonekana baada ya siku kadhaa akiwa na majeraha.

Haya yote tungeweza kuyasema ni ya bara, lakini sisi wa visiwani yametufika kabla ya wengine. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay katika 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliimba habari za wanyonge wa Ng'ambo bila ya kadi ya chama cho chote. Ikaja zama za siasa, kutoka 1957 hadi 1963. Watu walisusiana maduka, walisusiana mabasi, walisusiana hata maziko, na vilabu vya taarab navyo vikagawanyika: huyu wa Hizbu, yule wa Afro-Shirazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 vilabu vilitiwa chini ya chama na serikali, na wale waliokuwa wamevipaka rangi za siasa walikuwa wamekwisha kuifanya nusu ya kazi hiyo. Klabu ambayo wewe umeitia rangi yako, anayekushinda huipaka yake. Je, tuifundishe tena mitaa yetu kuulizana kadi mlangoni pa harusi?

Kwa hivyo gazeti hili linayaomba matawi yayazungumze mambo haya manne, na yayatolee shauri.

La kwanza: tawi lisianzishe kikundi cha ngoma wala cha taarab kwa jina la chama, na mwanachama asizuiwe kwenda katika ngoma ya mtu ye yote, wala kidumbaki, wala kibati, wala msewe, wala beni.

La pili: tukimwalika mpigaji katika mkutano wetu, tumlipe ujira wake siku ile ile kwa makubaliano yanayojulikana, kama tunavyomlipa fundi wa viti, wala tusimwambie la kuimba. Akitaka kutulaumu katika wimbo wake, na atulaumu. Tutajua tumekosea wapi kwa bei rahisi.

La tatu: wawakilishi wetu wadai kwamba vibali vya ngoma vitolewe kwa kanuni moja kwa wote, wala afisa asiwe na uwezo wa kumnyima mtu uwanja kwa sababu ya wimbo wake. Wadai pia kwamba sheria za hakimiliki, ile ya bara ya 1999 na yetu ya 2003, zimfikishie mwanamuziki wa Igunga na wa Micheweni fedha inayotokana na wimbo unaopigwa redioni.

La nne: tuwe na mahali. Kijana wa Igunga na kijana wa Wete wana haja moja, nayo ni nyumba yenye paa, taa na vyombo, iliyo mali ya mji wala si ya chama, ambamo watu wa kila upande wataingia na kutoka.

Watasema wengine kwamba tukifanya hivyo mikutano yetu itakuwa mikavu, na wenzetu watatuzidi kwa shangwe. Huenda ikawa. Lakini mteja anayekuja dukani kwa ajili ya ngoma iliyo mlangoni huondoka ngoma ikinyamaza, na yule anayekuja kwa sababu ratili imetimia hurudi kesho, akaleta na jirani yake. Chama chetu kinataka watu wa namna hiyo ya pili. Kinataka watu waliotembea wenyewe kutoka upande mmoja wa uwanja hata wa pili, wakasimama kwetu kwa kuwa wamesikia na wamepima.

Ngoma ni ya wenyewe. Kura ni ya mwenyewe. Chama kitakachoheshimu ya kwanza ndicho kitakachoaminiwa na ya pili.