Kupandikiza Kiini: Rai Kuhusu Istilahi za Mfumo Endeshi wa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika uwanja wa kompyuta umeelemea mno kwenye majina ya vitu vinavyoonekana. Tumebishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumeafikiana juu ya tovuti na barua pepe. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, ni rai yetu katika makala haya kwamba uwezo wa lugha haupimwi kwa majina ya vilivyo juu ya meza, bali kwa kueleza utendaji wa vilivyomo ndani. Na kwamba istilahi bora hupatikana baada ya maelezo hayo, si kabla yake. Ili kuipima rai hii tumechagua dhana moja iliyo ngumu: kazi ya kukiwezesha kiini cha mfumo endeshi huria, kilichoandikwa kwa ajili ya kichakataji cha aina moja, kifanye kazi katika kichakataji cha aina nyingine.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mchuuzi anayepokea malipo kwa simu ya Android katika soko la samaki la Bagamoyo amebeba kiini cha Linux mfukoni. Kiini hicho kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kwa ajili ya kichakataji cha Intel 80386, na yeye mwenyewe alitamka wazi kwamba hakikuwa kitu cha kupelekwa penginepo. Simu nyingi, kinyume chake, hutumia vichakataji vya ukoo wa ARM. Kazi ya kukifikisha kiini kwenye ukoo huo ilianza mwaka 1994. Toleo la 1.2, lililotolewa Machi 1995, lilikubali pia Alpha, SPARC na MIPS; na mwaka 2018, kwa toleo la 4.15, uliongezwa ukoo wa RISC-V. Je, kazi hii ni ipi hasa, na Kiswahili kiiiteje?

2.0 Kazi Yenyewe

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu na inayosimamia mawasiliano kati ya programu na vifaa. Sehemu yake kubwa imeandikwa katika lugha ya C, ambayo kompaila huifasiri katika lugha ya kichakataji kinachohusika. Lau mambo yote yangekuwa hivyo, kusingekuwa na kazi ya kujadiliwa. Lakini yapo mambo ambayo kompaila haiwezi kuyajua: jinsi kichakataji kinavyoamka umeme unapowashwa, jinsi kinavyoitika kinapokatizwa na kifaa kilicho nje yake, jinsi majedwali ya kurasa za kumbukumbu yanavyopangwa, na jinsi hali ya programu moja inavyohifadhiwa ili nyingine ipewe zamu. Haya hayana budi kuandikwa upya kwa kila ukoo wa vichakataji, baadhi yake kwa lugha ya asembli ya ukoo huo. Katika msimbo wa Linux, kila ukoo umetengewa saraka yake, na msimbo unaotumiwa na wote hukaa nje ya saraka hizo.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, hauko katika yale yanayofahamika kuwa ni tofauti. Uko katika mambo ambayo mwandishi wa kwanza aliyachukulia kuwa ya kawaida bila kuyasema. Intel 80386 hutumia anwani za biti 32, ilhali Alpha hutumia za biti 64; kwa hiyo kila mahali palipodhaniwa kwamba anwani haizidi biti 32 paligeuka kuwa kosa. Vivyo hivyo kuhusu mpangilio wa baiti. 80386 hutanguliza baiti yenye thamani ndogo, na SPARC hutanguliza yenye thamani kubwa.

Wanaisimu hatuhitaji mfano wa kigeni kulielewa jambo hili. Kiswahili kilichukua ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, lakini hakikuchukua mpangilio wake. Mwarabu hutanguliza moja kisha ishirini; Mswahili husema ishirini na moja. Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo hadi mwaka 1891, nao hutanguliza moja. Thamani ni ileile, ila mpangilio ni mwingine. Na anayeziandika tarakimu kwa kufuata mpangilio wa matamshi asioujua ataandika 12 mahali pa 21. Mpangilio unapokuwa wa kwetu hatuuoni. Huonekana tu tunapokutana na asiyeutumia.

3.0 Istilahi Ifaayo

Baada ya maelezo haya tunaweza kuyapima maneno. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kazi hii lina umbo sawa na lile la bandari, na mtu wa pwani anaweza kushawishika kuunda kitenzi kutokana na bandari. Huo ungekuwa upotofu, kwa kuwa umbo hilo moja limetokana na maneno mawili tofauti ya Kilatini, na linalohusika hapa ni lile lenye maana ya kubeba. Kutafsiri nako hakufai, maana hiyo ni kazi ya kompaila. Kurekebisha ni neno pana mno.

Linalobaki na kutumiwa na wengi ni kuhamisha. Tatizo lake ni la kisemantiki. Aliyehama Bagamoyo akaenda Dar es Salaam hayupo tena Bagamoyo. Kiini, kwa upande wake, hakikuondoka kilikotoka: Linux iliendelea kukihudumia kichakataji cha 80386 hadi mwaka 2013, miaka mingi baada ya kufika kwenye Alpha na ARM.

Tunapendekeza kupandikiza. Mkulima wa mpunga katika bonde la Ruvu huotesha miche kitaluni, kisha huipeleka katika jaruba alilolilima na kulitilia maji. Mbegu haibadiliki, kinachotayarishwa ni mahali pa kuipokea, na mbegu hiyohiyo yaweza kuoteshwa katika mashamba mengi kwa wakati mmoja. Isitoshe, tiba imekwisha kulitumia neno hili katika upandikizaji wa figo. Unyambulishaji wake nao unatosheleza mahitaji: kupandikiza, upandikizaji, mpandikizaji, na msimbo unaopandikizika kinyume cha usiopandikizika. Yawezekana kupingwa kwamba katika siasa pandikizi ni mtu aliyeingizwa kwa hila. Pingamizi hilo si zito. Kiini chenyewe kimo katika yai, katika hoja na hata katika kiinimacho, wala hakuna anayechanganyikiwa.

4.0 Funzo kwa Upangaji Lugha

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi katika Kiswahili. Kiambishi ki- katika jina la mradi kilikuwa na ahadi kubwa: kwamba Linux nayo ina lugha yake miongoni mwa lugha zetu. Mafanikio yale yastahili heshima. Lakini kilichotafsiriwa kilikuwa ni menyu na ujumbe wa kwenye skrini, yaani vile anavyovikuta mtumiaji. Lugha ya anayekitengeneza kiini iliachwa kama ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba hakuna haja, kwa kuwa wapandikizaji wote huwasiliana kwa Kiingereza. Hatupendekezi waache. Tunasema kwamba kufikiri na kuwasiliana ni mambo mawili. Leseni ambayo Linux imeitumia tangu mwaka 1992 inamruhusu kila mtu kuusoma msimbo na kuubadilisha. Ruhusa hiyo haimfai sana kijana anayekariri istilahi za kigeni pasipo kuzielewa dhana zake, na asiyeweza kumuuliza mwalimu swali kwa lugha anayoimudu.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo moja kwa BAKITA na kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyorithi kazi za TUKI mwaka 2009. Badala ya kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza kutoka A hadi Z, waketi mhandisi na mwanaisimu, wachague kazi moja ya ndani ya mashine, waieleze kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kisha wakusanye istilahi zilizojitokeza. Mbinu ya orodha huleta maneno yaliyodhaniwa kuwa sawa, na dhana za lugha ya kwanza huingia zimejificha ndani yake, kama zile anwani za biti 32. Mbinu ya maelezo huzifichua mapema, kabla istilahi haijachapishwa na kuachwa bila mtumiaji.