Tuulizane Kabla ya Mchango wa Matanga

Ndugu zangu wa Kitengela na Kajiado, kwa matanga sisi ni hodari. Jirani akijitoa uhai, kundi la WhatsApp hufunguliwa siku hiyo hiyo, mweka hazina akateuliwa, michango ikamiminika. Waliokuwa hawabishi hodi kwake hutuma mia tano na pole nyingi. Kisha huanza minong'ono: alirogwa, alikuwa mwoga, amemkosea Mungu.

Wazo la kutaka kufa si la watu wachache waliorukwa na akili. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka. Waliojaribu wakanusurika ni wengi kuliko hao, na wanaowaza wakanyamaza ni wengi zaidi. Tunapanda nao matatu alfajiri kwenda Nairobi, na Jumapili tunaketi nao kanisani.

Kitengela imejaa wageni waliofuata kazi na ploti, na mtu huweza kuishi miaka bila kujua jina la wa mlango wa pili. Kazi ikimponyoka, ujumbe wa mikopo ya simu humwamsha kabla ya jogoo, mwenye nyumba hutia kufuli lake juu ya lile la mpangaji, na kijijini bado anaitwa tajiri. Huko kwa wafugaji, ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulimeza misimu 5 ya mvua mfululizo. Mzee aliyeheshimiwa kwa wingi wa ng'ombe akabaki na fimbo mkononi. Tulimwuliza wamebaki wangapi. Nani alimwuliza yeye mwenyewe analalaje?

Sisemi kwamba umaskini unaua. Wengi wamefilisika na wanaishi. Hatari huzidi pale dhiki inapomkuta mtu mwenye sonona isiyotibiwa, au mlevi, au anayepigwa nyumbani, au aliyechoshwa na ugonjwa wa muda mrefu. Aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Nasi wanaume, tuliolelewa kwa neno "jikaze", huzidi wanawake kwa vifo hivi karibu kila nchi.

Sheria nayo ilitufunga midomo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, adhabu yake hadi miaka 2 jela. Yaani mtu atolewe wodini apelekwe kizimbani! Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imemaliza kazi yake. Vikao vyetu vya ukoo na vya kanisa bado vinahukumu.

Wengine huogopa kwamba ukimwuliza mtu utamtia wazo. Sivyo. Mwulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo humtua mzigo. Akikubali, usimhubirie wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, au pigeni pamoja 1199, simu ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa ada. Nanyi makeateka wa ploti, mnaojua nani ana deni na nani hajafungua mlango tangu juzi, bisheni hodi. Waheshimiwa wa bunge la kaunti nao, wanaokuja kutuomba kura, watuambie ni zahanati ipi ya Kajiado yenye mshauri wa afya ya akili, na anapatikana siku gani.